Siku Fundi Upepo Alipojazwa Gesi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Upepo, kwani kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kuziba pancha na kujaza magurudumu. Hakuwa mwoga. Ila presha aliiheshimu kuliko wakwe zake. Alishamwona mwenzake akijaza tairi la lori huku akipiga soga. Ringi ya chuma ikafyatuka, na yule bwana hakuwahi kumaliza sentensi yake.

Sasa alikuwa mbele ya daktari, mama mwenye sauti ya upole, akiambiwa kwamba saratani ya tezi dume imewahiwa na inaweza kuondolewa kwa roboti.

"Tutatoboa matundu madogo sita, kisha tutajaza gesi tumboni ili tupate nafasi ya kuona."

Jasho likamtoka hadi kwenye nyayo.

"Kujaza? Na nikipasuka?"

Mkewe, aliyekaa ubavuni, akamfinya paja. "Mume wangu, mwache daktari amalize."

Hakusikia kilichobaki. Tarehe ya kulazwa ikafika, ikapita. Yeye alikuwa gereji, eti kazi zimemlemea. Mkewe akamfuata hukohuko, akasimama katikati ya matairi.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Gesi unaiogopa, saratani umeifanya shemeji yako?"

Kesho yake alirudi kwa daktari peke yake, geji ya kupimia upepo mfukoni. Akaiweka mezani. Daktari akaigeuzageuza.

"Gesi yetu haiwezi kuusogeza mshale huu, mzee wangu. Madaktari wengi huweka kumi na mbili hadi kumi na tano kwa kipimo chetu. Mimi nitaanza na nane. Presha ikiwa ndogo, mara nyingi maumivu ya baadaye hupungua. Na mashine yenyewe inaipima muda wote."

"Na mambo yakiharibika?"

"Damu ikizidi kutoka, nitapandisha presha kidogo, maana gesi huikandamiza mishipa. Sitakudanganya."

Hilo la kutodanganywa ndilo lililompeleka wodini. Woga ulibaki palepale.

Asubuhi ya upasuaji walimlaza chini ya mikono ya roboti iliyofunikwa nailoni. Mahali fulani nyuma ya kichwa chake mtungi wa gesi uliokuwa ukijaribiwa ulitoa mlio, *sss*, mlio anaoujua kama sauti ya mama yake.

"Daktari! Nane?"

"Nane."

Nusukaputi ikamchukua.

Alipozinduka, tumbo lilikuwa linauma kwa mbali, lakini bega la kulia lilichoma kama limetiwa moto. Bega! Wamekata chini, maumivu yako juu. Akajua amepasuka.

"Nesi! Nakufa mie!"

"Hufi, baba. Ni gesi kidogo iliyobaki, inausumbua msuli wa kupumulia, na maumivu yanakimbilia begani. Twende tutembee, itaisha."

Walitembea hatua nne, mfuko wa mkojo ukining'inia. Jioni daktari akaja.

"Tezi imetoka yote. Ila kuna mshipa ulivuja, nikapandisha hadi kumi na mbili kwa dakika kumi, kisha nikarudisha nane."

Fundi Upepo akaitikia kwa kichwa, kiungwana kabisa. Daktari alipotoka tu, akakaa kitandani, mkewe amemshika mikono yote miwili. Dakika kumi! Na yeye alikuwa amelala fofofo.

Majibu ya maabara yalisema saratani haikuwa imevuka tezi. Hata hivyo, kila miezi mitatu alipaswa kupimwa damu ili ijulikane kama saratani imerudi, na kila mara usingizi ulimpaa siku mbili kabla. Mara ya kwanza na ya pili mkewe ndiye aliyefungua bahasha ya majibu, yeye akiangalia ukutani. Mara ya tatu aliisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Saratani haikuwa imerudi. Akaomba maji ya kunywa.