Chisense Ndani ya Motoka

Mutu akikuambia kwamba panya hawezi kuua motoka, mutume kwangu. Mimi sikusoma sana. Shule yangu iliishia pale nilipojua kuandika jina langu. Lakini jambo hili nimelisoma kwa macho yangu na kwa pua yangu.

Ninakaa Kashikishi, kando ya ziwa. Kazi yangu ni kununua chisense, samaki wale wadogo kama kidole cha mutoto, kuwaanika juu ya muchanga na kuwauza wakiwa wakavu. Kwa kazi hiyo nilipata motoka. Kuendesha siwezi, dereva ni mutoto wangu wa mwisho, lakini ufunguo unalala shingoni mwangu pamoja na ule wa nyumba. Tukienda Nchelenge ninashusha kioo hata kama vumbi ni jingi. Watu wanione. Nijifiche kwa nini?

Kila mwaka serikali inafunga ziwa ili samaki wapate kuzaa. Miezi ile wavuvi wanakaa na kushona nyavu, na sisi tulioweka samaki wakavu tunangoja, maana ndipo watu wanawatafuta. Lakini utawaweka wapi? Samaki akilala nyumbani, kila mutu ni jamaa yake. Mugeni anaonja, jirani anaazima, wajukulu wanapita na viganja vimejaa. Nikatazama motoka yangu. Ni chuma, milango inafungwa, ufunguo uko shingoni. Ghala gani jingine nilikuwa natafuta? Tukaiegesha nyuma ya nyumba, tukakunja viti, tukajaza mifuko ya chisense mpaka kwenye vioo.

Mutoto wangu hakupenda.

"Mama, basi tuiwashe hata mara moja kwa juma."

"Iende wapi?"

"Haiendi fasi. Ingurume kidogo, halafu tunazima."

"Yaani tuchome mafuta ya esansi juu motoka iimbe?"

"Mama, motoka iko sawa mutu. Ikilala sana inagonjwa. Hata kapo tufungue tu, tuangalie."

"Na moshi wake uingie mu samaki yangu? Wewe njo utakula samaki ya esansi?"

Akafunga mulango, akanirudishia ufunguo. Ni mutoto muzuri, ila anakubali upesi.

Halafu kulikuwa na paka wa jirani. Kila asubuhi nilimukuta juu ya kapo, kile kifuniko cha moteri, amelala kifudifudi, mukia unacheza, anakwangua chuma kwa makucha. Nilidhani anataka chisense. Nikamutupia kandambili, nikamumwagia maji, nikaenda hata kwa jirani kumwambia, "Mufunge mwizi wenu." Mwishoni paka akanichoka, hakurudi tena. Nikaona nimeshinda.

Sasa musikie kwa nini motoka ile ilikuwa kubwa kwangu kupita samaki.

Mujukulu wangu wa kwanza nilimulea mimi. Mama yake alikufa upande wa Kongo, na wakati wa vita nilivuka ziwa naye, nimemufunga mugongoni. Mutumbwi haukufika nchi kavu. Tulishukia majini, maji yakanifika kiunoni, na mutu nisiyemujua akanivuta kwa mukono kama muzigo. Mutoto alikuwa amelowa mpaka nywele. Wanawake waliosimama pale wakasema neno kwa Kibemba, wakacheka. Sikujua Kibemba siku ile. Neno nililishika tu, na nilipokijua nikalifungua: walisema ziwa limetapika.

Kwa hiyo alipochumbiwa na kijana wa Nchelenge, mwana wa nchi, nilisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili nikasema, "Mutoto huyu aliingia kwenu akiwa amelowa. Kwa bwana wake ataingia akikaa ndani ya motoka ya kambo yake, miguu mikavu."

Kambo wa kijana, yaani nyanya yake, ni mama muzee anayeuza mihogo sokoni, Kiswahili chake ni cha biashara. Akanijibu akicheka, "Awe, banakulu, tutaona!" Kwa Kibemba awe ni hapana, na banakulu ni kambo. Alicheka, hakuongeza mukwai, neno lao la heshima, lakini nilijua neno langu ameliweka.

Arusi ikapangwa Jumamosi, ziwa likiwa bado limefungwa. Alhamisi tukatoa mifuko ili tuoshe motoka. Mifuko ya chini ilikuwa na matundu. Mutoto wangu akazungusha ufunguo. Kimya. Motoka haikukohoa hata. Akafungua kapo, panya wakaruka juu ya viatu vyake, wakatawanyika. Walikuwa wamejijengea muji mule: nyasi, vipande vya mifuko yangu, vichwa vya chisense. Na waya, nyekundu, buluu, njano, zote zimetafunwa kama mboga iliyokatwa kwa kisu. Walipanda kutokea chini, wakala samaki, halafu wakasafisha meno kwa waya.

Ndipo nikamukumbuka paka. Yule nilimukosea.

Ijumaa fundi wa umeme wa motoka akaja. Akainama, akapiga muluzi. "Mama, hii ni motoka ao ni soko?" Waya zote za moteri zibadilishwe, akasema, na mupira unaopitisha esansi pia, maana wameutoboa. Piesi, vile vipuri, zitoke mbali. Tungoje majuma, si siku. Niwaambie mapema, musije mukaniuliza: chisense yote ile niliyoilinda ndiyo iliyolipa kazi hiyo baadaye. Panya walikula kidogo, fundi akala iliyobaki.

Lakini Ijumaa ile sikufikiri samaki. Nilikaa kwenye kizingiti. Habari ilikuwa imekwisha kufika Nchelenge, na kambo wa kijana akatuma neno: wataleta pikapu yao, mutoto asisumbuke. Pikapu yao! Kana kwamba wanamuokota mara ya pili kando ya ziwa.

Mujukulu wangu akaja kuketi karibu nami, nywele zimesukwa nusu.

"Kambo, nitatembea kwa miguu. Mi sina haya."

"Haya ni yangu. Acha nibebe mwenyewe."

Akacheka. Anacheka kama mama yake. "Nini njo imekufa mu motoka?"

"Moteri."

"Na magurudumu?"

"Iko mazima."

"Sasa, kambo, wavu inatokaka namna gani mu maji? Iko na moteri? Si batu banavuta?"

Nikamutazama. Nikavaa kandambili zangu, nikashuka ziwani.

Wavuvi walikuwa wamekaa juu ya nyavu zao, sindano mikononi. Ninawajua wote, wananiuzia samaki.

"Muko na kamba?" nikawauliza.

"Mama, ziwa imefungwa."

"Sivui samaki. Navua bibi-arusi."

Mmoja wao alicheka hata akajichoma kwa sindano. "Na tutakula nini?"

"Arusi iko na nyama. Ao hamujachoka chisense?"

Jumamosi asubuhi mvua ilinyesha. Ilipokatika, wavuvi wakafunga kamba ya wavu chini ya pua ya motoka, wakaishika pande mbili kama wanavyovuta kuja kwenye muchanga, wakaanza wimbo wao. Mutoto wangu alishika usukani, na kwenye muteremuko alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, maana moteri ikilala breki nayo inakuwa nzito kama jiwe. Sisi tulikaa nyuma, mujukulu katika nguo yake nyeupe, vioo tumevishusha, kwa sababu harufu ya chisense ilishinda sabuni. Lori likapiga honi nyuma yetu. Watu wa baiskeli wakauliza ni nini hiki, na wavuvi wakapiga kelele, "Tumeshika mukubwa!"

Mbele ya kanisa maji yalikuwa yamesimama, matope tupu. Wavuvi hawakupunguza mwendo. Waliingia mulemule, matope mpaka kwenye vifundo, wakavuta hata motoka ikagusa ngazi ya simenti.

Kambo wa kijana alikuwa juu ya ngazi na wanawake wake.

"Banakulu! Tulisikia muko na motoka. Hatukujua munaivuaka!"

"Kintu kikubwa hakitoke na ndoano," nikamujibu. "Kinavutwa."

Akashuka, akafungua mulango mwenyewe, akarudisha pua nyuma. "Mayo! Mutoto huyu ananuka ziwa."

"Ziwa njo lilimuleta. Angalia miguu."

Nami ninasema kweli, aliinama akaangalia. Mujukulu wangu akatoa muguu mmoja, kiatu cheupe, akakanyaga simenti, kisha wa pili. Mama yule akapangusa ncha ya kiatu kwa pembe ya chitenge chake, ingawa hapakuwa na tone hata moja, akamushika mukono. Hakucheka tena. Alinitazama mimi niliyekuwa bado nimekaa ndani.

"Mikavu, mukwai," akasema.