Mbwa wa Ploti Walivyoharisha

Mdomo yangu ilinifukuzisha darasani mara mingi sana, mpaka mwalimu wa darasa la nane akaniweka karibu na mlango ili nikitoka nisisumbue watu. Lakini kuharibia mtu maisha, hiyo nilikuwa bado sijafanya. Nilifanya Januari ya 2008, na ilianza na tumbo ya mbwa.

Nilikuwa nakaa Kianda, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Kulikuwa na mbwa hapo, hakuwa wangu, alikuwa wa kila mtu, lakini alizalia nyuma ya mlango wangu kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nampea makombo. Watoto sita. Matokeo ya kura yakatangazwa, watu wakaanza kukimbizana kikabila, na hao watoto wa mbwa wakaanza kuhara. Si kuhara ile unajua. Ilikuwa maji kama chai ya rangi, na damu ndani, na harufu. Mimi nimelelewa kando ya mtaro wa choo na bado hiyo harufu ilinitoa kwa nyumba. Ndani ya siku nne, watano wakafa. Nikaambia majirani ni tiagasi ya polisi imewashika tumbo. Tukacheka. Siku hizo ungecheka kitu yoyote.

Soko la Toi likachomwa, na kibanda yangu ya soksi za mitumba ikaenda na hiyo moto. Kesho yake moto ikafika laini yetu ya nyumba. Nilitoka mbio miguu mitupu, nimebeba blanketi na yule mtoto wa mwisho wa mbwa ndani ya gunia. Mama yake sikumwona tena. Nikaenda kwa mguu mpaka Kawangware kwa anti yangu, dada ya mama.

Anti alikuwa amepanga chumba kwa ploti ya vyumba vya kukodisha ya mzee mmoja, mwenyeji wa hapo toka hizo ploti zikiwa mashamba. Mlango unaofuata alikaa fundi wa viatu. Fundi alikuwa wa kabila ile ambayo wakati huo haikutakikana upande huo wa barabara, lakini alikuwa amekaa hapo miaka mingi mpaka watoto wa ploti walikuwa wanamwita guka, kama babu yao wa damu. Aliponiona nikiingia akaniangalia miguu.

"Kijana, viatu umeuza?"

"Nimeziacha zilinde nyumba, guka."

Alicheka mpaka akakohoa. Akaingia kwake, akarudi na akala, zile sandali za tairi, amezikata yeye mwenyewe. "Hii ni tairi ya lori," akasema. "Wakikukimbiza tena, ongeza gia."

Hapo nikampenda huyo mzee.

Mwenye ploti alikuwa na mbwa wawili wa rangi ya kahawa, bado hawajamaliza mwaka, wamefungwa karibu na geti. Wakati huo hao ndio walikuwa askari wetu. Wakibweka, wanaume wote wa ploti wanatoka na rungu. Na kila siku saa sita fundi alikuwa anawaletea mifupa kutoka hoteli ya pale kona. Alikuwa anafanya hivyo hata kabla ya kura, kwa hao na kwa mbwa waliokuwa hapo kabla yao. Hakuna mtu alikuwa anaona ni kitu.

Mtoto wangu wa mbwa alianza kuhara siku ya pili. Nilipanguza na matambara, nikatupa nyuma ya choo, nikanawa mikono kwa sabuni kama mtu mwenye akili. Halafu nikaenda na akala zangu kuteka maji kwa mfereji, na mfereji ulikuwa hapo hapo kwa geti. Wale mbwa wawili walikuwa wananilamba miguu. Nilidhani ni mapenzi. Siku ya nne mtoto akafa, nikamzika. Anti akanivuta ndani, akafunga mlango.

"Usiambie mtu huyo mbwa alikuwa mgonjwa. Hapa tumekaribishwa tu. Unanisikia?"

"Nimesikia, anti."

Zikapita siku chache. Asubuhi moja tukaamka tukapata mbwa wa geti wamelala chini wametapika povu, na nyuma yao ile maji ya chai. Ploti nzima ikasimama kuangalia. Ile harufu ikanifikia, ni ile ile ya Kianda. Na mimi nikiogopa, mdomo ndio hufunguka. Nikageukia fundi.

"Guka, kwani jana hiyo mifupa ulipaka nini?"

Watu wakacheka. Hata yeye alicheka. Lakini nilisikia hiyo kicheko ikiisha vibaya, mmoja anaacha, mwingine anaacha, mpaka akabaki fundi peke yake anacheka, na yeye pia akaacha.

Kila mtu Nairobi anajua: mwizi akitaka kuja, kwanza anapea mbwa nyama yenye sumu. Saa nne tayari ilikuwa ni sumu. Vijana wa ploti wakashika mbwa midomo, wakawamwagia maziwa kooni, na yai mbichi juu yake, vile watu hufanya mbwa akilishwa sumu. Mbwa wakahara zaidi. Watu wakasema, unaona, inatoka. Saa sita ilikuwa si mwizi tena, ni watu wa fundi wanakuja, na yeye ndiye anawafungulia njia.

Mwenye ploti hakupiga kelele. Hiyo ndiyo ilinishtua zaidi.

"Fundi, mimi sina ubaya na wewe. Lakini saa kumi ikupate nje ya hii ploti."

"Kwa sababu ya mifupa?"

"Si mimi nimesema. Hata huyu kijana aliona."

Na kidole ikanielekea mimi.

Kuona nini? Mimi niliona nini? Nje ya hiyo geti, mahali barabara inapinda, kulikuwa na vijana na panga wanaitisha kitambulisho, wanasoma jina yako ya mwisho. Kila mtu alijua. Mwenye ploti alijua. Fundi aliingia kwake akaanza kuweka nyundo na sindano zake kwa boksi, polepole, kama mtu anafunga kazi jioni.

Saa nane na kitu akaingia mama mmoja, daktari wa mifugo. Bibi ya mwenye ploti ndiye alimwita, kwa sababu huyo daktari ndiye hutibu nguruwe na mbuzi za huko. Alitembea na miguu, mkoba begani. Akachuchumaa, akavuta ngozi ya mbwa shingoni, ikabaki imesimama hivyo hivyo, haina maji.

"Nani aliwapea maziwa?"

Vijana wakaonyeshana na kidole.

"Hii si sumu. Sumu ingewamaliza hapo hapo, wakitetemeka. Hii ni virusi ya matumbo. Inachubua utumbo ndani, ndiyo mnaona damu."

Mwenye ploti akarudi nyuma hatua mbili. "Virusi? Kama ile ya ukimwi?"

"Wacha, mzee. Hii ni ya mbwa. Mtu haimshiki, yeye huibeba tu. Kwa gunia, kwa mikono, kwa kiatu. Inatoka na mavi na inakaa kwa mchanga miezi mingi." Akaangalia watu. "Kuna mbwa mwingine aliugua hapa?"

Anti akanitolea macho. Hiyo macho ilikuwa inasema: tutalala wapi? Fundi alikuwa amesimama kwa mlango wake na boksi mkononi, hasikii kama kuna kitu inamhusu. Na mimi, yule wa kukalishwa karibu na mlango, mdomo ilikataa. Niliivuta kama mtu anavuta gari kwa matope.

"Wangu," nikasema. "Alitoka na mimi Kianda. Ndugu zake walikufa hivyo hivyo, wote."

Daktari hakunigombeza. Alisema, "Inua mguu." Akaokota kijiti, akachokoa kwa zile mistari za tairi chini ya akala. Ikatoka uchafu mweusi, mkavu, umejipanga vizuri kama umekaziwa na mashine. Fundi akaangalia hiyo kiatu aliyoikata na mikono yake. Mimi nikatamani ardhi inimeze na akala zangu.

Mwenye ploti akajikuna kichwa. "Basi, fundi. Rudisha vitu ndani."

Ilikuwa ni hivyo tu.

Daktari akatundika chupa za maji ya chumvi kwa misumari ya geti, mpira ukaingia mguuni kwa kila mbwa. Alisema hiyo virusi haina dawa ya kuiua ikiwa ndani ya mbwa, ni kurudisha maji tu na kungoja. Mmoja akafa jioni hiyo. Mwingine akabaki.

Hawakutufukuza. Kesho yake fundi aliniita nilete akala. Alikuwa na beseni ya ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile daktari alisema inaua hiyo virusi ikiwa nje. Alichokoa kila mstari na sindano ya kushonea, hakuacha hata mmoja.

"Umenifukuzisha na ukanirudisha siku moja," akasema. "Hata serikali haiwezi hiyo."

Nilitaka kucheka. Nikaangalia uso wake, nikaacha.

Siku mbili baadaye ikaja lori ya kanisa, polisi mbele na nyuma, inabeba wale wanataka kutoka. Fundi akatoka na boksi lake na godoro. Nikamkimbilia.

"Guka, si walisema ukae?"

"Walisema," akajibu, akipanda. "Hata miaka yote hiyo walikuwa wanasema."

Saa sita, yule mbwa alipona, sasa amefunguliwa, akajikokota, mbavu nje, akaenda kukaa mbele ya mlango wa fundi. Nilienda hoteli ya kona nikamwombea mfupa, nikamwekea hapo. Akaunusa. Akaniangalia miguu. Akauacha, akageukia mlango, akaendelea kungoja.