Chombo Kilichoniumbua

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamejaa Bariadi, kila mmoja na mizani yake. Mmoja wao alituajiri mimi na mwenzangu, kijana aliyetoka kusoma Dar, tumwandikie programu ya kompyuta: karani aingize uzito wa gunia lililojaa, programu itoe uzito wa gunia tupu, ibaki pamba halisi.

Programu haikutusumbua. Tuligombania chombo cha kuijaribia, kile kinachopima kila kipande chake na kusema kama jibu ni sahihi. Mwenzangu alikuja na chake kwenye CD. Kilionyesha mstari wa kijani mambo yakiwa sawa, mwekundu yakiharibika. Mimi nilikuwa nimejiandikia changu, kurasa mbili tu, nikakipenda kama ndama niliyemnywesha kwa mkono.

Tulibishana siku tatu. Karani wa mizani, mama mtu mzima tuliyemwita Mayu, akachoka.

"Kesho saa nane mviwashe vyote viwili mbele yangu," alisema. "Kitakachonieleza vizuri ndicho tutakachotumia."

Kesho yake mwenzangu alipokwenda kula, nikafungua majaribio yake. Palipoandikwa kwamba gunia la kilo hamsini, ukitoa mbili, libaki arobaini na nane, nikabadili nikaweka arobaini na tisa. Kisha na mimi nikaenda kula, roho yangu nyeupe kabisa.

Saa nane tukawasha changu kwanza. Kikaandika neno moja: "Imeshindwa." Nikashtuka. Jana kilikuwa salama! Nikapekua mistari, jasho likinitoka, nisione kitu.

Tukawasha chake. Mstari mwekundu. Nikajikaza nisicheke. Lakini chini yake kikaandika: jaribio la gunia, ilitarajiwa 49, imepatikana 48.

Mayu akavaa miwani. "Hamsini toa mbili. Arobaini na tisa imetoka wapi?"

Mwenzangu akaangalia faili lilibadilishwa lini. "Saa saba na robo. Mimi nilikuwa kwa mama ntilie, nakula wali."

Wote wawili wakanigeukia. Nikaanza kueleza habari za umeme kukatika, kicheko kikanitoka puani.

"Na changu je?" nikauliza nilipopata pumzi. "Kimeharibika nini?"

Mwenzangu akaangalia dari. "Nilikichezea asubuhi, kabla hujafika," akasema. "Ila chako hakijui kusema."

Mayu alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Basi tumieni cha huyu. Kama kimemkamata mwizi wa ndani, wakulima wanaoficha mawe kwenye pamba hawatakishinda."

Iliniuma, sikatai. Nilifuta kurasa zangu mbili mwenyewe, na adhabu yangu ikawa kuandika majaribio yote yaliyobaki. Kila mstari ulipogeuka mwekundu, Mayu alipaza sauti kutoka kwenye mizani:

"Hiyo ni programu, au ni wewe?"