Alichosema Kiongozi Redioni

Juzi fundi redio wa mtaa ninaopanga sasa alianika betri kuukuu juani, nami harufu yake ya kutu ikanirudisha uani kwetu, milimani juu ya Lushoto. Nasi tulizianika juu ya bati ili redio iongee siku moja zaidi. Mimi ndiye niliyesikiliza na kuwaeleza kinamama kwa Kishambaa, kwa kuwa nilikuwa nasoma shule na nilikielewa Kiswahili cha redio.

Siku moja walikuwa wanachambua maharage. Jirani yetu akaja mbio kutoka shambani, udongo mikononi. Binti yake alikuwa ameolewa katika mji wa mbali, nchi nyingine yenye vita, na mji huo ulikuwa umepigwa mabomu alfajiri.

“Mwanangu, kiongozi wao amesemaje redioni?”

Nilipanda juu ya gunia la viazi, nikatoa tumbo, nikanenepesha sauti. “Wananchi wavumilie! Adui atajuta! Ushindi ni wetu!”

Kinamama wakacheka. “Mheshimiwa, na barabara yetu utaileta lini?” akasema shangazi, akanirushia punje ya haragwe. Nikarudia yote, kwa sauti nene zaidi.

Jirani alingoja tumalize. “Na watu wa mji ule? Hakuwapa pole?”

“Hakuwapa.”

Kwetu hata anayejikwaa njiani hupewa pole na mtu asiyemjua. Alinitazama, akafuta mikono kwenye kanga.

“Na wewe hujanipa,” akasema, akateremka kwenda kwake.

Nilibaki juu ya gunia, tumbo bado nimelitoa, na hakuna aliyecheka.