Siku Niliponunua Maji Yangu Mwenyewe

Kukataa kumwongezea mtu shilingi tano kulinigharimu oda ya chai ya msafara wa malori, madebe mawili yaliyotoboka, nusu ya wateja wangu wa asubuhi, na shilingi nne na nusu nilizolipia maji ambayo yalikuwa yangu tangu yalipotekwa mtoni. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili niliona nimesahau heshima, lakini hiyo sikuitia bei, maana sikuwa na hakika kwamba niliingia nayo Garissa.

Nilikuwa na hoteli. Nasema hoteli kwa kuwa ndivyo tunavyosema. Msomaji asianze kufikiria vitanda. Lilikuwa banda la mabati lenye meza nne, jiko la kuni na sufuria kubwa ambayo mchana, jua lilipokolea, ilichemka karibu bila msaada wa kuni. Nilikuwa nimetoka upande wa Kitui nikiamini kwamba penye vita watu huacha kila kitu isipokuwa chai. Katika hilo sikukosea. Ilikuwa miaka ya shifta, waasi wa Kisomali waliopigana na serikali. Usiku kulikuwa na kafyu, na kati ya mji na mto kulikuwa na kizuizi cha gogo na miiba ambapo askari waliangalia nani anapita. Wenyeji wakivuka daraja kwenda upande wa Nairobi walisema wanakwenda Kenya, nasi tuliobaki hatukuuliza tuko wapi.

Malori ya Wajir na Tarbaj na huko mbele hayakuruhusiwa kwenda moja moja. Yalilala Garissa, na asubuhi kafyu ikiisha yaliondoka kwa pamoja, askari mbele na askari nyuma. Kabla ya kuondoka, madereva na utingo wao wote walikunywa chai kwangu. Karani wa msafara, mtu mfupi aliyeipenda saa yake kuliko jamaa zake, alikuwa ameniachia oda: chai na chapati mbili mbili, tayari kabla injini hazijawashwa. Oda hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya kiwanja. Siku zile zisizo na msafara nilikuwa kama nafanya mazoezi tu. Oda ikiniponyoka, ningefunga banda na kurudi kwa baba mkwe, ambaye alikuwa amenionya juu ya Garissa mbele ya watu, tena kwa sauti.

Sasa, chai ni maji, na maji yalitoka Tana juu ya migongo ya punda wangu watatu, wakiongozwa na mtu mmoja. Alikuwa ametoka upande wa Kotile baada ya mifugo yake kwisha. Nilimwajiri kwa mwezi: shilingi sitini, chakula, na kitambaa siku ya Idi. Yeye aliniita tajiri. Mimi nilimwita walaal, yaani ndugu, hasa mwezi ulipoisha nami sina mshahara wake.

Asubuhi moja alisimama mbele ya jiko, hakukaa.

"Tajiri, mke amejifungua. Ongeza tano."

"Hongera sana! Mtoto ni baraka."

"Baraka inakunywa maziwa."

"Walaal, biashara ni mbaya."

"Biashara mimi najua. Mimi ndiyo naleta maji. Ingekuwa mbaya, maji ingekuwa kidogo."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angetoa shilingi tano na kunyamaza. Lakini mimi nilikuwa mtu wa bei. Mtu akiniambia tano, mwili wangu wenyewe hutafuta tatu. Na siku hiyo nilitafuta zaidi. Sokoni kulikuwa na watu wengi wasio na kazi, vita vimewasukuma mjini kutoka kila upande. Kibarua wa siku nilimpata kwa shilingi moja na nusu, bila chakula, bila Idi, bila mke wa kujifungua. Nikazidisha kwa mwezi. Nikazidisha tena. Mara zote mbili nilipata faida, na mara zote mbili nilikuwa mjinga yuleyule.

"Kuanzia kesho," nikamwambia, "hakuna mwezi. Ni kibarua. Nikikuita unakuja, ukimaliza unalipwa, kila mtu huru."

"Na ile siku huiti?"

"Siku hiyo unapumzika."

"Na mtoto atabumzika?"

Nilijifanya kupanga vikombe.

"Kwa hiyo mimi si mtu yako tena," akasema.

"Wewe ni mtu wangu kila asubuhi nitakapokuita."

"Hiyo si mtu yako. Hiyo ni mtu anabita." Akaiweka fimbo ya punda juu ya meza, taratibu, kama mtu anayelipa. "Fizuri, tajiri."

Akavuka barabara. Ng'ambo ile, hatua chache tu kutoka kwangu, alikuwako mjane aliyeuza chai chini ya turubai. Mji mzima ulimwita Eeddo, shangazi. Wateja wake walikuwa wachache, nami nilikuwa nikimhurumia, jambo ambalo ningepaswa kuliacha mapema. Alimpa kikombe cha chai, wakaongea kidogo, na kabla jua halijapanda nilisikia amemwandika kwa mwezi, shilingi sitini na tano. Nikacheka mpaka nikashika nguzo. Mama wa watu, hajui hesabu!

Vibarua wangu hawakuwa watu wabaya. Naomba hilo lieleweke, maana kwa muda mrefu nilipenda kusema walikuwa wabaya. Wa kwanza alileta maji, akachukua pesa yake, akaenda zake. Wa pili hakuwahi kuona mamba. Alipoona gogo likielea alirudi na madebe matupu, na mawili kati yake yametobolewa na mawe alipokuwa akikimbia. Waliofuata nimewachanganya kichwani. Punda nao walikuwa wamezoea kuamriwa kwa Kisomali, na neno lao la kutembea lina herufi katikati inayotoka kooni ndani kabisa. Vibarua wa kutoka kwetu walilitamka kama watu wanaokohoa, na punda waliwatazama kwa huruma, wasisogee.

Lakini hasara kubwa sikuiona, kwa sababu ilikuwa ya kitu kisichokuwepo. Maji ya Tana hutoka mtoni yakiwa mazito kwa udongo. Usipoyaacha yatuame usiku mzima, unapika tope lenye sukari. Yule mtu wa Kotile siku zote alikuwa akiacha pipa moja limejaa, limefunikwa, maji ya kesho. Sikuwahi kumwagiza. Nilidhani pipa lile ndivyo lilivyo, hujaa. Kibarua analeta maji ya leo kwa sababu analipwa leo. Kesho si yake. Huenda kesho ni ya mtu mwingine. Nani amtulizie mtu mwingine maji? Nilipolifunua pipa usiku wa kuamkia msafara, ndani kulikuwa na ufa na mende mmoja.

Basi kafyu ilipoisha asubuhi ile nilimtuma kibarua mtoni mbio. Nikawasha moto. Nikakanda unga. Malori yakaanza kujipanga. Kibarua hakurudi. Nikatoka na aproni yangu hadi kizuizini, nikamkuta amekalishwa chini, punda watatu wamesimama na madebe yaliyojaa.

"Afande, huyo ni mtu wangu," nikasema. "Mimi ndiye mwenye hoteli. Malori yanasubiri chai."

Askari alinitazama kwa subira ya mtu ambaye hajalala. "Mtu wako?"

"Wangu kabisa."

"Anaitwa nani?"

Nikamtazama kibarua. Kibarua akanitazama. Nilimchukua sokoni jioni ya jana, tukabishana bei mpaka kuku wakalala, na katika maneno yote yale jina halikuwa limehitajika.

"Jana alikuwa mwingine," askari akasema. "Juzi mwingine. Kila siku sura mpya, anatoka na madebe, anarudi na madebe. Wewe hoteli yako ina jeshi?"

"Ni vibarua, afande."

"Yule wa zamani alikuwa akipita hapa hata simsimamishi. Yuko wapi?"

"Aliomba shilingi tano."

Askari akageuka akamwambia mwenzake, na mwenzake akacheka kicheko ambacho mpaka leo nikikikumbuka masikio hupata moto. Kisha akatoa hukumu: "Punda nawajua. Punda wapite. Nyinyi wawili mkae mpaka koplo aje."

Ndivyo punda wangu walivyopita kizuizi cha serikali bila mwenyewe, kwa sababu kati yetu wote ndio pekee waliokuwa na kazi ya kudumu.

Koplo alikuja, akatuachilia, akaniambia nijifunze kuwajua watu wangu. Nikakimbia. Mbele ya hoteli yangu hapakuwa na punda. Walikuwa ng'ambo, chini ya turubai la Eeddo, wamesimama kwa adabu mbele ya yule bwana wao wa zamani, na madebe yao yamekwisha kumiminwa ndani ya pipa tupu la mama yule.

"Asalaam aleikum, Eeddo."

"Waaleikum salaam. Leo umekuja kunywa chai nzuri?"

"Nimekuja kuchukua maji yangu."

"Maji yako?" Akachungulia pipani. "Maji, wewe ni ya nani? Imenyamaza."

"Punda ni wangu!"

"Bunda chukua. Mimi sikuita. Imekuja na mguu yake, imekuta mtu yake, imesimama."

Yule mtu wa Kotile akasema, akitazama chini: "Eeddo, nilikuambia ni ya tajiri."

"Haa, umeniambia. Na mimi nimesema tajiri akuje aongee. Si amekuja? Ningefanya nini, maji ikae jua?" Akanigeukia. "Shilingi sita, nakurudishia yote."

"Sita! Eeddo, kwa maji ya mto? Mbili."

"Kwa mbili nenda mtoni."

"Tatu."

"Tazama lori inawasha taa."

Tulifika nne na nusu. Nilikuwa nimemshusha shilingi moja na nusu, nikavuka barabara nimeinua kidevu kama mshindi. Nilikuwa katikati ya barabara, debe begani, nilipokumbuka nimenunua nini.

Chai ile ilikuwa rangi ya Tana wakati wa mvua. Dereva mmoja mnene aliinua kikombe akakitazama chini yake. "Ndugu yangu, hii ninywe ama nipande mahindi?" Utingo wake akasema chapati ni nzuri, lakini hazimezeki kwa mate. Wakaanza kuvuka mmoja mmoja na chapati zangu mkononi, wakaagiza chai ng'ambo, ambako pipa jingine lilikuwa na maji yaliyotuama tangu jana. Karani wa msafara hakuvuka. Alisimama mlangoni pangu, akaitazama saa yake, akanitazama mimi, akaifunika saa kwa mkono wa shati kana kwamba hakutaka ione aibu hiyo.

"Msafara ujao," akasema, "tutakunywa kwa mama."

Sikubishana naye. Ilikuwa mara ya kwanza Garissa mtu kunitajia jambo nami nisitaje langu.

Vibarua niliwaacha siku hiyohiyo, na kesho yake nikaenda mtoni mwenyewe. Kizuizini hawakunisimamisha tena. Sura yangu ilikuwa imeshajulikana, kwa ubaya. Punda walikubali kwenda kwa sababu walijua njia, si kwa sababu ya neno langu, ambalo nililitamka mpaka nikaumwa koo. Na pale mtoni nilimkuta yeye, amemaliza kujaza madebe ya Eeddo, anafunga kamba. Bila kuombwa akanifungia na zangu, maana mimi nilikuwa nimezifunga kama mtu anayefunga kiatu.

"Rudi kwangu," nikamwambia. "Sitini na tano."

Akaendelea kukaza kamba.

"Sabini. Na ile oda ya malori tutairudisha, mimi na wewe."

Akalijaribu fundo kwa kidole.

"Themanini, na maziwa ya mtoto." Nilikuwa napandisha bei peke yangu, hakuna mtu upande wa pili. Katika maisha yangu ya biashara sikuwahi kufanya vile, na sijui kama kuna jina lake.

"Tajiri," akasema, "hiyo siku ya malori Eeddo alinibatia nafasi nyumba yake ya nyuma, mke na mtoto wamelala huko. Nimemwambia mimi ni mtu yake."

"Neno tu hilo. Mia. Mshahara wa karani!"

Akaniangalia, na hakuwa amekasirika; angekasirika ingekuwa nafuu. "Kama mimi ni mtu wa kuondoka kwa sababu umeongeza, wewe utanitaka kufanya nini?"

Nililipigia hesabu lile swali. Nikalirudia. Lilitoka sawa mara zote mbili, na kwa mara ya kwanza sikufurahi hesabu kutoka sawa. Nilichokuwa nikikinunua ni kile kile kilichomfanya asinunulike, na nilikuwa nacho kwa shilingi sitini nikakiona ghali.

Punda wa Eeddo wakaanza kupanda ukingo. Wangu wakageuza shingo wawafuate. Akawazuia kwa neno moja, wakasimama wakinisubiri mimi, na jua lilikuwa limeanza kuuma.

"Basi usirudi," nikasema. "Lakini nishauri. Banda linafungwa mwisho wa mwezi nisipopata mtu. Nimtafute wapi, na siku ya kwanza nimwambie nini, ili aamini kwamba kesho pia ni yake?"