Sakafu Iliyotoka Jasho

Naikumbuka siku moja ya joto la kaskazi, mwanangu, adhuhuri, nami nimepiga magoti chumbani mwangu kule Changamwe, namsugua mtu aliyelala sakafuni. Usinitazame hivyo. Sijawehuka, uzee haujanifikisha huko bado. Keti utege sikio, maana nyinyi vijana wa leo mna dawa ya kufutia kila kitu, na hamuulizi.

Ilikuwa baada ya vita vikubwa, vitu vimeanza kuonekana tena madukani. Mume wangu Katana alikuwa amepata kazi ya reli, akanitoa kwetu Rabai akanileta mjini, bibi harusi wa juzi. Tulipanga chumba kimoja cha sakafu ya saruji, na kwa mtu aliyezaliwa juu ya udongo, saruji ilikuwa ufalme. Nilikuwa na mimba ya kwanza, na juu ya mimba nilikuwa na ugonjwa wa usafi. Sufuria zangu ungejitazamia uso. Majirani niliwasema kwa ile methali, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kumbe ya kwangu mwenyewe ndani sikuijua.

Chini ya dirisha palikuwa na doa. Siku za kwanza lilifunikwa na jamvi tulilolikuta pale. Siku nilipolitoa jamvi nilianike, nikaona vizuri. Lilikuwa doa la mafuta, jeusi, refu kama mimi. Bega hili hapa, mgongo umepinda, magoti yamekunjwa, na juu yake duara la kichwa. Mtu mzima amelala ubavu, uso ameupa ukuta.

Nikashika kazi. Nilianza na mchanga na kumbi la nazi, nikaja kwa majivu, nikaja kwa ndimu, magadi, hata mafuta ya taa. Jioni sakafu inang'aa, nami nalala na raha zangu. Kesho yake jua likipanda na chumba kikishika moto, sakafu inatoka jasho. Kwanza linakuja bega. Kisha mgongo. Kisha magoti, polepole, nami nimekaa kitandani namtazama anavyorudi.

Na kulikuwa na paka. Paka wa kijivu asiye na mwenyewe, kila adhuhuri aliingia bila kuniomba ruhusa, akaenda kujikunja palepale baina ya kifua na magoti, akafumba macho, akakoroma. Nikimfukuza alitoka taratibu, akanigeukia mlangoni akanitazama, ati mimi ndiye mgeni. Niliogopa, sikufichi.

Katana nilimwambia. Akacheka. "Sakafu ni sakafu, mke wangu. Rudisha jamvi."

"Mwanangu hatalazwa juu ya mtu nisiyemjua," nikamjibu. Na nilikula kiapo, kabla mtoto hajazaliwa doa lile liwe limetoka.

Jirani yetu wa mlango wa pili aliitwa Bi Zuhura, mjane, mtu mzima. Kazi yake kupika mafuta ya nazi na kuwakanda wazazi waliotoka kujifungua. Siku moja alisimama mlangoni akaniona nimeinama.

"Wasugua nini, mwanangu?"

"Uchafu, Bi Zuhura."

"Huo si uchafu. Uache."

"Ni nini basi?"

Alivuta ushungi wake akenda zake. Nikajisemea, masikini bibi wa watu, umri umeanza kumcheza shere. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nililijua hilo tangu utotoni, lakini guu langu nililiona la chuma.

Ndipo mwenye duka akanitolea kopo. Lilikuwa na unga mweupe, ukiunusa machozi yanakutoka. "Mama, hii yatoa kila kitu," akaniapia. "Masizi, kutu, wino, grisi. Nyumba nzima, dawa moja." Sikumwamini, maana muuza dawa hasemi dawa yake chungu. Nikaijaribu. Sufuria ya wali iliyoungua tangu harusi ikatoka nyeupe. Chimni ya taa ikang'aa kama maji matupu. Birika la chai, kibao cha mbuzi, meza, ovaroli ya Katana yenye grisi ya reli, vyote vikatakata. Sitaisingizia dawa ile, ilikuwa dawa kweli. Vidole vilinibabuka ngozi, lakini nani aliyeangalia vidole?

Nikamgeukia yule wa sakafuni. Nilianza na kichwa. Nilikoroga unga kwa maji ya moto ukawa mzito kama uji, nikaupaka, nikauacha ukauke, nikasugua kwa kumbi mpaka saruji ikaparurika na kuwa nyeupe. Kesho yake adhuhuri nikakaa kitandani nikingoja. Bega likaja. Mgongo ukaja. Magoti yakaja. Kichwa hakikuja. Loo! Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani. Sasa alikuwa mtu asiye na kichwa, na Mungu anirehemu, nilifurahi. Nikakoroga uji mwingine, wa bega.

Nimepiga magoti hivyo, unga mpaka viwikoni, nikasikia hodi.

Mlangoni alisimama mama mmoja mzee, amevaa hando, ile sketi ya marinda ya kwetu, miguu ina vumbi jekundu la safari. Nyuma yake Bi Zuhura.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Ndicho chumba cha mwanangu Karisa hiki?"

Sikumjua Karisa mimi. Bi Zuhura ndiye aliyejibu, na kwa mara ya kwanza nikaisikia habari ya chumba changu. Karisa alikuwa kijana wa Kaloleni, mpagazi bandarini. Magunia yalimporomokea, uti wa mgongo ukafa. Wenzake wakamleta hapa, wakamlaza chini ya dirisha apate upepo, na hapo alilala mpaka Mungu alipomchukua. Alimwapisha Bi Zuhura asipeleke habari kwa mama yake mpaka atakaposimama. Hakusimama. Walipokwisha kumzika, mwenye nyumba akawasihi majirani wanyamaze, wapangaji wasije wakakikimbia chumba.

"Kwetu wamenambia mengine," akasema yule mama. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wamenambia alikufa peke yake. Ati alioza kwa uchafu wake, hata wa kumpa maji hana. Tangu siku hiyo usingizi sina. Nimekuja nijue. Ikiwa ni kweli nijue, na ikiwa si kweli nijue."

Sisi wawili tukatazama chini. Yeye alikuwa ameshaona. Hakuna aliyemwonyesha kidole, wallahi. Alikwenda moja kwa moja chini ya dirisha, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya ule mgongo uliokuwa umetoka jasho wakati ule ule. Akakinusa kiganja chake.

"Nazi," akasema. Akanusa tena. "Alipakwa mafuta. Mwanangu alipakwa."

"Asubuhi na jioni," Bi Zuhura akamjibu. "Namgeuza, namkanda, ngozi isije ikampasuka. Mengine yakishuka, sakafu ikayanywa."

Yule mama akalala chini. Alijilaza ubavu nyuma ya mwanawe, magoti nyuma ya magoti, mkono akaupitisha juu ya bega, kama alivyomlaza alipokuwa mchanga. Kisha mkono ukapanda kutafuta kichwa. Ukapapasa saruji nyeupe iliyoparurika. Ukarudi begani, ukapanda tena, ukapapasa.

"Kichwa cha mwanangu kiko wapi?" akauliza.

Mwanangu, nimezaa, nimezika, sijapata kusikia swali zito namna ile. Mikono yenye unga nikaificha nyuma. Nilikuwa nimeliosha jibu kwa maji ya moto na kumbi la nazi, na mwenyewe nikalipigia kigelegele.

"Hakukilaza chini," akasema Bi Zuhura. Wala hakunitazama. "Kilikuwa mapajani mwangu."

Yule mama akalia. Akalia kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, hata akachoka, akapata usingizi palepale sakafuni, jua bado liko juu. Tukatoka nje kwa ncha za vidole tusimwamshe.

Uani Bi Zuhura akanishika mkono, akautazama ule unga. "Leo nimesema uongo," akanambia, "mimi nisiyekosa swala. Nimesema kwa ajili yake, nimesema na kwa ajili yako. Nilipokwambia uache, ulidhani napiga porojo?"

"Bi Zuhura, ungenambia ni nini."

"Nilikwambia si uchafu. Yakutosha hayo kutoka kwa mtu aliyekuzidi umri."

Kuuliza si ujinga, mwanangu, lakini mimi niliuliza mara moja tu, na jibu lilipochelewa nikachukua kopo. Mtoto wangu alipozaliwa, Bi Zuhura alinikanda juu ya sakafu ile ile, na mafuta yaliyoshuka hakuna aliyeyagusa.

Basi nasaha yangu ndiyo hiyo. Ukiingia nyumba, au ukoo, au ndoa, utakuta alama hujui zimetoka wapi, na nyingine zitakutisha. Usikimbilie kufuta. Tafuta aliyekuwepo kabla yako, muulize, na akikawia kusema, mngoje. Masizi yasugue, kutu isugue, tena kwa dawa kali, sikukatazi. Lakini lile linalorudi kila ukilifuta, kaa nalo kwanza ujue ni la nani, maana huenda kuna mama yuko njiani anakuja kuliangalia.

Mungu akupe mtu wa kukugeuza ubavu siku utakaposhindwa kujigeuza. Na wewe akujaalie kuwa mtu huyo kwa mwenzio, hata kama si wa damu yako. Inuka sasa uende salama, mwanangu, na jina lako litajwe kwa heri popote utakapolala.