Waya Usio na Kazi

Dereva haioni taa yake ya breki. Hilo ndilo jambo la kwanza ningemfundisha mtu yeyote anayetaka kushika usukani, na mimi mwenyewe nilichelewa kulijua.

Miaka ile baada ya Vita vya Pili vya Dunia niliendesha lori kuukuu la tajiri mmoja wa pamba wa Shinyanga. Nilikuwa dereva, nilikuwa fundi, na kwa kiburi changu niliamini hakuna aliyenizidi. Msimu wa pamba nilileta magunia jineri, kiwandani kwa kuchambulia pamba. Msimu ukiisha nilipeleka chumvi, sabuni na mabati Geita, kwenye machimbo. Kabla ya kufika Geita kulikuwa na kaya moja kando ya barabara ambako nilisimama kila safari kuomba maji ya rejeta. Rejeta haikuvuja. Nilisimama kwa sababu ya binti aliyeyaleta maji.

Safari moja aliinama akachungulia chini ya lori, akaziona nyaya mbili zikining'inia pamoja juu ya ekseli ya nyuma, zimeganda tope. Wasichana wa kule walipenda sana bangili za waya mwembamba.

"Hizi zote zina kazi?" aliniuliza.

"Moja haina. Ni ya taa iliyovunjika kabla sijalishika gari hili."

"Basi nipe hiyo."

Nilitoa koleo nikamkatia kipande kirefu kuliko mkono wangu. Usiku ule taa ya nyuma iliwaka kama kawaida, nikaridhika kwamba sikukosea. Yeye aliichoma ile nguo iliyouzunguka waya, akaisugua shaba kwa majivu mpaka ikang'aa. Safari iliyofuata nilizikuta bangili saba mkononi mwake, na aliponipa maji alizitikisa makusudi. Uzee wote huu, mtu akitikisa funguo karibu yangu bado moyo unanishtuka.

Baba yake hakunikataa. Alisema tu kwamba wazee wa kijana mwingine, wa upande wa Sengerema, wangefika Jumamosi kuposa. "Ukija na mkubwa wako kabla ya hapo, tutazungumza na wewe kwanza. Usipokuja, sina la kuwaambia wale."

Nilirudi Shinyanga mbio kumchukua mjomba wangu. Jumatano asubuhi alipanda lorini na koti lake na kofia, fimbo katikati ya magoti. Leseni ya lori ilikuwa imekwisha, na tajiri hakukubali litoke bila muhuri, kwa hiyo tukapita kwanza kwa mkaguzi wa magari. Alizunguka nyuma, akaniambia nikanyage breki.

"Taa ya breki haiwaki," alisema. "Rudi ikiwaka."

Basi la Geita lilipita mara moja kwa juma, nalo lilikwisha kuondoka. Nikamwambia mjomba ashuke nitengeneze. Akakataa.

"Mimi nimeshaanza safari, mwipwa wangu. Nikishuka nitakuwa nimeivunja."

Basi nikamfanya msaidizi. Nikisema "kanyaga", alisukuma kanyagio kwa fimbo, na mimi nikatazama nyuma.

Globu ilikuwa nzima. Nikaiendea swichi, ile iliyofungwa chini ya kanyagio na kuvutwa kwa springi, kwa sababu swichi za magari yale zilijulikana kwa ukorofi na mimi nilijulikana kwa kuzitengeneza. Niliifungua, nikaipiga msasa ndani, nikabadilisha springi, nikaifunga. Kanyaga. Kimya. Nikaifungua tena. Alhamisi yote iliishia hapo, matusi yakinitoka, na mjomba yuko juu akiuliza kwa upole, "Kwani nyuma yetu atakuwepo nani wa kuiona hiyo taa?"

Ningalianza kupima kwa globu ndogo yenye nyaya mbili, ningalijua mapema kwamba swichi haina kosa. Lakini mganga hajigangi. Nilipima Ijumaa mchana: umeme ulitoka kwenye swichi vizuri na haukufika nyuma. Nikawalaani panya, maana mbegu za pamba zilijaa kwenye nyufa za bodi na panya walizifuata. Nikaingia chini kwa mgongo, nikakwangua tope.

Haukuwa mkato wa meno. Ulikuwa mkato wa koleo, safi kabisa, na koleo niliijua. Waya usio na kazi ulikuwa bado unaning'inia pembeni, mzima. Taa ya nyuma iliyoniridhisha usiku ule ilikuwa na waya wake mwingine.

"Umeona nini?" mjomba aliuliza.

"Panya," nikasema.

Nikauunganisha ule uliobaki mahali pa ule niliokata, kazi ya nusu saa. "Kanyaga, mjomba." Taa ikawaka, nyekundu, nzuri kweli, na niliichukia. Mkaguzi alikuwa ameshafunga ofisi. Tulipata muhuri Jumamosi asubuhi, mto uliojaa ukatuzuia njiani, tukafika kwao Jumapili.

"Mwangaluka, mayu," mjomba alimsalimu mama wa binti kwa Kisukuma, kofia mkononi. Mama aliitikia huku akinitazama mimi. Akasema wale wazee walifika jana yake, wakakubaliwa, na binti alikwisha kupelekwa kwa shangazi yake kuandaliwa.

"Ijumaa alikaa barabarani kutwa," alisema. "Kila lori lilipovuma alisimama. Nilimwambia avue zile bangili, hakutaka. Ameondoka nazo."

Njiani mjomba aliniambia majuto ni mjukuu. Nilimwomba anyamaze.

Sikumwona tena. Nimeoa, nimezaa, nimemzika mke mwema, na bado namtamani yule binti, sioni haya kusema. Ninayoikumbuka zaidi ni ile Ijumaa ambayo sikuwepo: amekaa barabarani, anasimama kila lori likivuma, na waya ulionizuia kufika unalia mkononi mwake, naye hajui.